Kidonda na Maji ya Bahari Visikutane: Wito kwa Wananchi wa Njombe na Makambako



Huenda mtashangaa mtu kuwaandikia watu wa Njombe na Makambako habari za kuogelea baharini. Sisi ni watu wa nyanda za juu. Maji tunayoyajua ni ya Ruhuji, na yale ya bomba la uani ambayo mwezi wa saba huuma vidole. Kutoka stendi ya Makambako hadi ufukwe wa Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Bahari inatuhusu nini?

Inatuhusu kwa sababu tunaiendea. Nani kati yetu hana ndugu Mbagala, Kimara au Kigamboni? Malori ya viazi, mbao na parachichi hayakomi kushuka. Kuna basi la alfajiri, kuna treni ya TAZARA. Wanafunzi wanapelekwa ziara, kwaya inakwenda kurekodi, mzee ana kadi ya kliniki Muhimbili, binti anaolewa Temeke. Na mtu wa huku akifika Dar, hata kwa siku mbili, lazima aione bahari. Akishaiona, viatu vinavuliwa.

Na avivue. Simkatazi mtu bahari, na sitaki mtoto wa Mji Mwema ya kwetu akue akiiogopa kama vile ni ya watu wengine. Nina ombi. Kama una kidonda kibichi, usikiingize baharini. Na kama kidonda kimegusa bahari kisha kikaanza kukugeuka, nenda hospitali upesi, na ukifika useme kwa mdomo wako mwenyewe: "Nilikuwa baharini."

Najua wengi mtanijibu: kwani chumvi si dawa? Tumelelewa tukisikia kwamba maji ya bahari hukausha kidonda, huondoa upele, hata hutoa mikosi. Ndiyo maana kwenye basi linalorudi huku hukosi kuona chupa ya maji ya bahari, imefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni, inapelekewa bibi mwenye kidonda mguuni ambacho hakijapona tangu mavuno.

Aliyeibeba ana upendo, na hilo halina ubishi. Lakini tuangalie kilichomo ndani ya chupa.

Muuguzi anapokuosha kidonda kwa maji ya chumvi, maji hayo yametengenezwa bila vijidudu, na chumvi yake imepimwa: gramu 9 kwa lita. Nyumbani nawe unaweza kuambiwa uchemshe maji, utie chumvi kidogo, uache yapoe. Bahari haijachemshwa. Ina chumvi karibu gramu 35 kwa lita, na katika chumvi hiyo wamo viumbe wadogo waliozoea kuishi humo tangu zamani. Chumvi haiwaui. Wengine hawawezi hata kuishi bila hiyo. Ukiyaweka maji hayo kwenye chupa, ukasafiri nayo mchana kutwa katika joto la basi, umesafiri nao pia.

Miongoni mwao kuna ukoo wa bakteria uitwao vibrio. Ndugu yao mmoja tunamjua sana, ingawa hatumwiti kwa jina hilo: ni yule wa kipindupindu. Mwaka 2015 alianzia Dar es Salaam mwezi wa nane, akasambaa mikoa mingi, na kabla hajatulia zaidi ya watu 20,000 nchini walikuwa wameugua. Huyo huingia kwa mdomo. Anao ndugu wawili wa maji ya chumvi, Vibrio vulnificus na Vibrio parahaemolyticus, ambao wanaweza kuingia kwa mdomo kupitia samaki na chaza wasioiva, lakini pia wana njia ya pili. Wanapita kwenye ngozi iliyopasuka.

Wanapenda maji vuguvugu, ya nyuzi 20 na kuendelea. Bahari ya Dar es Salaam ina nyuzi 25 au zaidi karibu mwaka mzima. Na wanapenda hasa mahali mto unapokutana na bahari, pale chumvi inapopungua kidogo.

Je, kila mwenye mkwaruzo akiingia atapatwa? Hapana, na nisiwatie hofu bure. Wengi huingia na kutoka salama. Lakini huyu vulnificus akimpata mtu, hachezi. Taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani inaeleza kwamba kati ya watu watano wanaougua maambukizi yake, mmoja hufariki, wengine ndani ya siku moja au mbili tangu waanze kuumwa. Wengine huokolewa kwa kukatwa nyama iliyooza, au kiungo chenyewe. Baada ya kimbunga Katrina kupiga kusini mwa Marekani mwaka 2005, watu 22 waliugua maambukizi mapya ya vibrio na watano wakafa. Wengi wao walikuwa na vidonda vilivyolowa maji ya mafuriko ya pwani.

Sasa, nani anapaswa kuwa mwangalifu zaidi? Hapa niongee taratibu, maana tunaongea nyumbani.

Wa kwanza ni mwenye ini lililochoka. Homa ya ini ya muda mrefu, au ini lililosinyaa kwa pombe, humfungulia mlango bakteria huyu kuliko kitu kingine chochote. Masika ni msimu wa ulanzi. Sitahubiri juu ya ulanzi, kila mtu anajua kikombe chake. Nasema tu kwamba mjomba ambaye daktari alishamwambia "ini lako si zima" asiingie baharini na kidonda, na asile chaza wala pweza asiyeiva vizuri. Je, mjomba huyo analijua hili? Nani wa kumwambia, kama si wewe unayekaa naye mekoni?

Wa pili ni mwenye kisukari, hasa kama miguu imekufa ganzi. Anaweza kukanyaga gamba la chaza asubuhi na kuligundua jioni anapovua soksi.

Wa tatu ni yule ambaye kinga yake iko chini: anayetibiwa saratani, au anayeishi na virusi vya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionesha mkoa wetu unaongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima. Maana yake ni kwamba katika kila basi linaloondoka Njombe kuna ndugu zetu wanaomeza dawa kila siku, wanafanya kazi, wanalea, wanaishi vizuri. Anayemeza dawa zake sawasawa na ambaye kipimo kinaonesha virusi vimefubaa ana afya njema, na bahari ni yake kama ilivyo yangu. Afuate tu kanuni ya kidonda. Na kwa sababu hatuhitaji kujua nani ni nani, kanuni hiyo tuifuate sote. Hapo hakuna anayejitenga na hakuna anayenyooshewa kidole.

Kuna jambo la pili, nalo ni mvua.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Jangwani, unaingia baharini karibu na daraja la Selander, pale ambapo tangu mwaka 2022 tunaliona lile daraja refu la Tanzanite likikatiza juu ya maji. Ufukwe wa Coco hauko mbali na hapo. Wakazi wengi wa jiji hawana bomba la majitaka, wanatumia vyoo vya shimo na makaro. Mvua kubwa ikinyesha, vyoo hufurika, mto hubeba, bahari hupokea. Hata sehemu ya majitaka ya katikati ya jiji, yenye mabomba, huishia baharini. Zanzibar nayo, Mji Mkongwe, majitaka yamekuwa yakimwagwa hivyo hivyo.

Na sisi huenda lini? Pasaka! Pasaka huangukia mwezi wa tatu au wa nne, katikati ya masika. Krismasi huja vuli ikiwa bado inamalizia. Yaani tumechagua, bila kukusudia, kuoga baharini siku ambazo mto umetoka kusafisha jiji zima.

Basi mvua ikinyesha sana, subiri siku mbili au tatu. Ukiona maji yamegeuka kahawia, au yananuka, au kuna mfereji unaomwaga hapo karibu, sogea mbali na mdomo wa mto au kaa mchangani ule upepo. Kuna aibu gani?

Hapa ugonjwa si lazima uwe ule wa kutisha. Mara nyingi ni tumbo la kuhara, macho mekundu, sikio linalovuja usaha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, mwaka 2018 walikusanya tafiti nyingi za nchi tajiri na kukuta kwamba uwezekano wa waogao baharini kuripoti maumivu ya sikio ulizidi wa wasiooga kwa asilimia 77, na wa matatizo ya tumbo kwa asilimia 29. Hizo ni nchi ambazo majitaka yake mengi hupita mtamboni kwanza. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha fukwe: wanahesabu bakteria wa kinyesi katika mililita 100 za maji. Wakizidi 500 mara kwa mara, ufukwe huo unahesabiwa mbaya. Wewe na mimi hatuna maabara mfukoni. Tuna macho, pua, na kumbukumbu ya mvua ya jana.

Nisisahau mihogo. Mtoto ametoka majini, amecheza mchangani, ameshika muhogo wa kukaanga wenye pilipili kwa mkono ule ule. Mchanga wa ufukweni mara nyingi huficha vijidudu vingi kuliko maji yenyewe. Mama, beba chupa ya maji safi na kipande cha sabuni. Mnawishe kwanza, ndipo muhogo uliwe.

Na kabla hatujalaumu mto wa wenzetu, tukumbuke wa kwetu. Ruhuji inayopita Njombe mjini inateremka kwenda Kilombero, kisha Rufiji, kisha bahari. Maji yetu hufika pwani kabla yetu. Vijidudu vya Njombe havifiki salama mwendo wote huo, lakini kuna watu wanachota njiani, wanafua, wanaoga. Karo la nyumba yako linavuja kuelekea wapi? Gereji yako, machinjio yako, hoteli yako?

Turudi kwenye kidonda, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Hebu fikiria safari ilivyo. Umeoga Kigamboni Jumapili jioni. Mguuni ulikuwa na mchubuko wa kiatu, au umekanyaga jiwe la matumbawe, au umechomwa na yule mdudu mweusi wa miiba anayekaa kwenye miamba. Hukujali. Jumatatu alfajiri umepanda basi. Unapita Mikumi, unapanda Kitonga, mguu unaanza kuuma. Unasema ni kukaa sana. Ukishuka Makambako usiku umevimba, umekuwa mwekundu, na unauma kupita ukubwa wa kidonda chenyewe. Homa inapanda, unatetemeka, na huku kwetu nani asiyetetemeka usiku?

Vulnificus huweza kujitokeza ndani ya saa kumi na mbili hadi siku chache. Yaani anakufikia njiani, au ukiwa umeshafika kwako.

Asubuhi unakwenda hospitali. Daktari anayekupokea Makambako, Kibena au Ilembula anaona miguu iliyovimba kila siku: ya jembe, ya shoka, ya mti ulioanguka, ya mwiba wa shambani. Yeye hana sababu ya kuwaza bahari. Usipomwambia, atakutibu kama mkulima aliyejikata, na dawa inayofaa kidonda cha jembe si lazima imuweze bakteria wa maji ya chumvi. Ukimwambia, atachagua dawa nyingine, atachukua usaha kwenda kupimwa, atamwita daktari wa upasuaji mapema. Maneno mawili tu, "nilikuwa baharini", yanaweza kuokoa mguu.

Dalili za kukuharakisha ni hizi: wekundu unaosambaa saa hadi saa, maumivu makali yasiyolingana na kidonda, malengelenge yenye maji meusi au ya damu, ngozi kubadilika rangi, homa na kuchanganyikiwa. Chukua kalamu, chora mpaka wa wekundu kwenye ngozi. Ukivuka mstari, usingoje kesho. Ikiwa ni usiku na unataka ushauri kwanza, piga 199, namba ya Wizara ya Afya isiyolipiwa. Lakini mwenye malengelenge meusi asipige simu, aende.

Yuko pia mwingine wa polepole, anaitwa Mycobacterium marinum, ndugu wa bakteria wa kifua kikuu. Huyo hujificha wiki mbili, tatu, hata zaidi, kisha huota kivimbe kwenye kidole au kiwiko ambacho hakiumi sana wala hakiponi. Umeshasahau safari. Umeshapaka kila kitu. Huyo naye atajulikana upesi kama utasema ulivua samaki, uliosha samaki, au ulioga baharini mwezi uliopita.

Ndugu zangu wa kazi za mikono, hapa nawageukia ninyi. Wachana mbao, wachuma chai, wavunaji wa viazi, mafundi wa gereji za Makambako: kuna siku mikono yenu haina mkwaruzo? Ukijua wiki ijayo unakwenda pwani, vaa glavu wiki hii. Kidonda kikiwa hakijafunga, bahari iangalie kwa macho. Plasta isiyopitisha maji husaidia kwa mkwaruzo mdogo, si kwa kidonda kirefu. Na muulize muuguzi kuhusu chanjo ya pepopunda, maana vyuma vya kutu na magamba ya ufukweni havichagui.

Madereva na mautingo, kuna tabia ya kumwagia petroli kidonda ili "iue vijidudu". Kinachokufa ni ngozi yako. Maji safi mengi na sabuni, kwa dakika kadhaa, yanafanya kazi kuliko petroli, kuliko unga wa tumbaku, kuliko kidonge cha antibayotiki kilichopondwa na kunyunyizwa juu.

Dada zangu mnaouza na kupaa samaki sokoni, hata ninyi mmo. Mwiba wa samaki unatosha. Mwaka 1996 nchini Israeli watu walianza kuugua aina ya vulnificus baada ya kuchomwa na miiba ya sato wa kufugwa waliouzwa wakiwa hai. Hao walikuwa majikoni mwao, si baharini. Ukichomwa, simama, kamua damu kidogo, osha kwa sabuni, kisha uendelee. Mteja atasubiri.

Na wenzetu wa Ludewa, mlio na ufukwe wenu wenyewe Manda na Lupingu, maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi, kwa hiyo hawa wapenda chumvi si wenyeji huko. Lakini maji baridi nayo yana bakteria wake wa vidonda, na kuna kichocho, ambacho husababishwa na minyoo, habari yake ni ndefu na ya siku nyingine. Kanuni ya kidonda haibadiliki.

Kwa bibi mwenye kidonda sugu, basi, tumpelekee nini badala ya chupa? Nauli ya kwenda kliniki. Bandeji safi. Mtu wa kumsindikiza na kumsubiri foleni. Kidonda kisichopona miezi mitatu kina sababu yake, huenda sukari, huenda mishipa, na hakuna maji ya pwani yatakayoijua sababu hiyo. Na yule aliyeleta chupa tusimcheke. Tumshukuru kwa kumkumbuka bibi, kisha maji hayo tuyamwage shimoni, si kwenye bustani ya mboga, maana chumvi itaunguza mchicha.

Mwisho niwaombe viongozi wa safari: walimu, walezi wa kwaya, makatibu wa vikundi vya akina mama. Kabla basi halijaondoka, hakikisheni mna ndoo, dumu la maji safi, sabuni, bandeji, na kandambili za kila mtoto kwa ajili ya miamba. Mkifika, kabla ya kuwaruhusu kukimbilia maji, wapangeni mstari mmoja na mwalimu apite akiangalia miguu, magoti na viganja. Waulizeni kwa upole nani anaharisha, naye asiingie, kwa ajili ya wenzake. Wakitoka, waoge maji ya bomba na kukausha masikio kwa kitambaa, si kwa njiti ya kiberiti.

Watakaokutwa na kidonda wataona wameonewa. Wapeni kazi ya kulinda mabegi, na muhogo wa kwanza kutoka kwenye karai uwe wao.